Siku Mama Alipompeleka Baba Mombasa

Watoto wangu hunicheka kwa jambo moja. Nikiwa naendesha gari katika mji nisioujua, huizima ile sauti ya ramani ndani ya simu, ile inayosema geuka kulia, geuka kushoto, bila kusita wala kuona haya. Huniona mshamba. "Mama, si uiache ikuonyeshe njia?" Mimi hushusha kioo nikamuuliza muuza machungwa, na nikiona muuza machungwa naye anababaika, humuuliza mwingine mbele. Sijapata kuwaeleza sababu. Ile sauti ina uhakika kupita kiasi, na mimi niliwahi kupanda gari lililoongozwa na uhakika wa namna hiyo, zamani, nikikaa kiti cha nyuma na miguu yangu haijafika chini.

Baba yangu, Omari, alikuwa dereva wa teksi ya watalii Malindi. Walio rika langu watazikumbuka enzi zile, hoteli zimejaa Wataliano na kila mwenye gari zima akiitwa bosi. Lake lilikuwa Pijo jeupe lenye mstari wa manjano ubavuni, na harufu yake hata leo naweza kuivuta nikitaka: petroli, udi aliofukiza mama kila Ijumaa, na yale mafuta ya jua ya wageni yaliyoingia kwenye viti yakakataa kutoka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwachukua wageni mahotelini, kuwapeleka uwanja wa ndege wa Mombasa, na kuwapokea wengine kuja nao. Watu wa mtaa wetu wa Shela walikuwa wakisema Omari anaijua Mombasa kama ulimi unavyoyajua meno.

Mimi Mombasa nilikuwa sijaiona. Nilichokuwa nacho ni hadithi zake. Jioni akirudi alinipakata na kuniambia kwamba ndege tunazoziona Malindi ni panzi. "Ngoja nikupeleke Mombasa uione ndege yenyewe. Ikifungua tumbo inameza msikiti wetu na mnara wake."

"Lini, baba?"

"Siku moja, inshaallah."

Ndiye aliyemfunza mama kuendesha. Alfajiri, kabla watu hawajatoka, walikuwa wakienda njia ya Mambrui, mama na buibui lake nyuma ya usukani, baba ubavuni akisema, "Klachi, mke wangu, klachi, usiikanyage kama unaua nge." Maneno yalisemwa. Bibi, mamake baba, alisema mwanawe karogwa. Baba alicheka tu, na punde mama akawa anakwenda sokoni na gari, ananipeleka chuoni kusoma Kurani, anakwenda Mambrui kumwamkia mamake. Zaidi ya hapo hakwenda, wala hakutaka.

Kisha asubuhi moja baba alikuwa amekaa kwenye baraza akivaa viatu, akainama kufunga kamba, na hakuinuka. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mguu unaburuzika, mkono unaning'inia kama nguo kwenye kamba, na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Alitoa sauti, lakini sauti haikushika neno.

Wakubwa walilia. Mimi sikulia, kwa sababu sikuelewa vile wao walivyoelewa. Nilidhani maneno yamemkwama kooni, kama mwiba wa samaki, na kwamba yote yamo mle ndani, yamepangana, yanangoja. Alinitazama na macho yake yalikuwa yale yale. Alinishika shavu kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo niliposikia kwamba Mombasa kuna daktari bingwa wa mambo ya kichwa, anayekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, niliona picha ya mtu mwenye koleo ndogo ya fedha, akimwambia baba fungua mdomo, akiuchomoa ule mwiba.

Mjomba Athmani, nduguye mama, ndiye aliyekuwa atupeleke. Usiku wa kuamkia safari homa ya malaria ikamwangusha, na kulipokucha hakuweza kusimama. Bibi akasema tungoje mwezi ujao. Mama alikuwa amekwisha kumvalisha baba kanzu safi na kofia, kikapu cha mahamri na chupa ya chai kiko mlangoni.

"Nitaendesha mwenyewe," akasema.

"Mombasa si Mambrui, we mwanamke!"

"Najua, mama. Lakini Omari atakuwa ubavuni kwangu. Atanionyesha kwa mkono. Dereva ni yeye, mimi nitamshikia usukani tu."

Bibi alimtazama baba. Baba akainua mkono wa kushoto, akaelekeza mlangoni, kwenye gari, kwa ile amri yake ya zamani ya wakati wa kazi. Basi likaisha neno. Mimi nikachukuliwa kwa kuwa baba alikuwa akitulia nikiwa karibu naye.

Ile nusu ya kwanza ya safari ndiyo furaha niliyobaki nayo, na naitunza. Kulikuwa kumenyesha usiku, na njia ya Gede ilinuka majani. Mama aliendesha taratibu, mgongo umenyooka, akisoma dua chini kwa chini. Baba alikuwa akimwonyesha mashimo kabla hayajafika. Mkono ukiinuka, mama akipunguza mwendo, na kweli shimo likija. Tulipopita Matsangoni mama alicheka kwa sauti, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu siku ya viatu. "Bado ni wewe," akamwambia. "Walisema umekwenda. Bado ni wewe, wallahi." Nusu ya uso wa baba ikacheka. Kwenye daraja la Kilifi alimwashiria asimame, tukanunua korosho za moto, na mama akamtafunia kwanza kisha akamtia kinywani. Niliwaonea haya na nikafurahi.

Mombasa ilianza kabla ya Mombasa. Baada ya Mtwapa magari yakaanza kusongamana, na tulipofika Kongowea nilidhani watu wote wa duniani wamekuja sokoni siku moja. Mikokoteni ilikatiza mbele yetu na mafungu ya ndizi. Matatu zilipanda kando ya njia, hadi walipopita watu. Tuk-tuk zilitokea ubavuni kama panya. Kila mtu alipiga honi na hakuna aliyeonekana kuisikia ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiti, pua kiooni, nimepagawa. Sijapata kuona rangi nyingi vile. Jasho lilikuwa limemvuja mama hadi buibui likashika mgongoni, na mimi nilidhani ni joto.

Tukavuka daraja la Nyali. Maji yalikuwa kijani chini yetu. Mama alijua kitu kimoja tu alichoelekezwa na Mjomba Athmani pale kitandani, kwamba hospitali iko kisiwani, upande wa bahari, na kwamba ukishavuka daraja unashika kushoto.

"Bwana, ni huku kushoto?"

Baba akaelekeza mbele. Hakusita hata kidogo.

"Athmani kasema kushoto."

Mkono ukabaki mbele, kidole kimenyooka. Nyuma yetu lori likapiga honi iliyonitetemesha meno. Mama akenda mbele. Angefanyaje? Huyu ndiye Omari.

Tulifika kwenye raundabauti kubwa ya Makupa, magari yanaingia kutoka kila upande, na katikati yake gari letu likazima. Mama aligeuza ufunguo, likakohoa. Akageuza tena. Kijana wa tuk-tuk akachungulia dirishani akasema, "Bi mkubwa, huo si mwiko! Rudi jikoni!" Watu wakacheka. Nilimwona mama kwenye kioo akiuma mdomo. Baba alipiga dashibodi kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, na mimi nikadhani amekasirikia gari. Alikuwa akimhesabia, kama kwenye njia ya Mambrui: sasa klachi, sasa ufunguo. Likawaka. Baba akaonyesha mbele tena, na tukaiacha nyuma raundabauti, na kwa kuiacha tukakiacha kisiwa chenyewe, lakini hilo mama hakulijua bado.

Njia ikawa ya malori ya makontena, marefu kama mitaa. Upande mmoja jaa la takataka la Kibarani lilifuka moshi, na uvundo wake ukaingia garini ukaumeza udi wote. Mama alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilimwambia, "Moshi huu, mama, funga kioo."

"Bwana," akasema, sauti imekuwa ndogo, "hospitali si kisiwani? Hii njia inatoka. Naona inatoka."

Mkono ukaelekeza mbele.

"Kuna njia ya mkato?"

Baba akaitika kwa kichwa. Alikuwa ameketi wima, kofia imenyooka, macho yanang'aa. Tangu augue sikumwona amekaa vile. Kila penye njia panda aliamua kabla hatujafika, kushoto, mbele, kushoto. Kijia hiki anakijua, niliwaza, na kile. Na polepole nikaanza kuelewa, au kudhani naelewa, maana juu yetu, karibu kabisa, ilipita ndege yenye tumbo jeupe kubwa, na ngurumo yake ikaingia kifuani mwangu.

Nikapiga kelele kwa furaha. "Mama! Baba ananipeleka kuiona ndege! Aliniahidi!"

Mama akapunguza mwendo.

Aliegesha pale uwanja wa ndege, mbele ya mlango wa wanaowasili, kwa sababu mkono ulimwelekeza hapo hapo, kwenye nafasi yenye kivuli. Akazima gari. Kabla hajasema neno baba alikuwa amefungua mlango kwa mkono wake mzima, akashika fimbo, akateremka. Alizunguka nyuma ya gari akiburura mguu. Akafungua buti. Akanyoosha kanzu, akaweka kofia sawa, akasimama kando ya buti lililo wazi, akiutazama mlango wa wageni, na uso wake, ule upande uliobaki, ulikuwa umevaa tabasamu la kazi.

Mchukuzi mmoja mwenye koti la buluu akaja mbio na mkokoteni wa mizigo. "Omari! Wewe ndugu yangu, umepotea! Tulisema umehamia Ulaya!" Akamkumbatia. Baba akatoa ile sauti yake isiyo neno. Mchukuzi akarudi nyuma kidogo, akautazama mkono unaoning'inia, akatutazama sisi. Jina lake lilikuwa Kombo, lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, binti yangu." Kisha kwa mama, taratibu, "Mmekuja kumpokea nani, dada?"

"Hatumpokei mtu," mama akasema. "Nampeleka hospitali. Ana miadi na daktari, ya saa tano."

"Hospitali gani?"

Mama akaitaja.

"Lakini hiyo iko kule Kizingo, dada. Kisiwani. Nani kawaelekeza huku?"

 Nilikuwa nimemshika mama mkono, na nilihisi vidole vyake vikilegea, kimoja kimoja, hata nikawa nashika mkono usionishika. Hakumtazama Kombo. Alikuwa akimtazama baba pale kwenye buti. Mimi nilikuwa natazama juu, natafuta ndege nyingine.

"Bwana," akamwita. "Twende."

Baba hakugeuka.

"Bwana Omari. Njoo twende, tumechelewa."

Akatikisa kichwa, akaelekeza mlango wa wageni. Mama akaenda kumshika, na baba akauondoa mkono wake, si kwa ukali, bali kama mtu anayesumbuliwa kazini. Wageni walikuwa wakitoka, wekundu kwa joto, wakisukuma masanduku, na kila waliposogea baba alinyanyuka kidogo kwa vidole vya mguu mzima. Wakapita. Wengine wakatoka, wakapita. Mama akafunga buti, baba akalifungua. Muda ulikuwa ukienda na jua lilikuwa limetufikia pale tuliposimama. Mwisho mama aliketi kwenye ukingo wa njia, yeye ambaye hakuwahi kuketi chini mbele za watu, akafunika uso kwa mtandio.

Kombo ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesimama kando na mkokoteni wake mtupu. Akamsogelea baba, akamwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya watu wa kazi moja, "Omari, ndege yako imeahirishwa. Wametangaza sasa hivi. Wageni wako hawaji leo."

Baba alimtazama kwa muda. Kisha akaitika kwa kichwa, akashusha pumzi ya mtu aliyezoea mambo hayo, akafunga buti mwenyewe. Kombo akamsaidia kuingia garini, akamfunga mkanda. Halafu akaja upande wa mama akamweleza njia, mara mbili, polepole, akichora kwa kidole juu ya vumbi la boneti. Mama alirudia kila jina kama mtoto wa chuoni.

Kurudi kisiwani ndiko kulikoniuma mimi, na kwa sababu ambayo haikuwa ndiyo. Mama alishusha kioo akauliza kila mtu: askari wa barabarani, muuza maji, mwanamke aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni. Na kila njia panda baba aliinua mkono. Kulia, alisema mkono, na mama akenda kushoto. Rudi, alisema, na mama akenda mbele. Hakuwa akiutazama tena. Mara ya kwanza maishani nilimwona mama akimkaidi baba, na nilikasirika.

"Mama, baba anasema huku!"

"Kaa kitako."

"Lakini baba ndiye anayeijua Mombasa! Mbona humsikilizi?"

"Nimekwambia ukae kitako, mwanangu," akasema, na sauti ikampasuka katikati.

Mkono uliinuka mara kadhaa zaidi. Kisha, karibu na Makadara, ukashuka juu ya goti, na baba akaanza kutazama nje ya dirisha kama abiria.

Tulifika hospitali baada ya alasiri. Daktari alikuwa ameondoka kuwahi ndege ya kurudi Nairobi. Muuguzi aliyetupokea hakuwa na kosa. Alimsikitikia mama, akamletea baba kiti na maji, akasema miadi ya mwezi ujao atatuwekea mwanzo kabisa. Mama alisema ahsante. Aliuliza kama kuna mahali pa kuswali, akaswali, akakaa juu ya mswala muda mrefu. Mimi na baba tulikula mahamri kwenye benchi. Nilimweleza kuhusu ndege niliyoiona, tumbo lake na ngurumo yake. Nilimshukuru. Alinishika shavu.

Mwezi uliofuata Mjomba Athmani alitupeleka bila kupotea. Daktari hakuwa na koleo. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, akamfanyia baba vipimo, akamwambia mama kwamba kilichokwenda hakitarudi, na kwamba kitaendelea kwenda. Nilimtazama mama kuona kama atalia. Hakulia. Alimfunga baba vifungo vya kanzu, akauliza tu ampe vyakula gani.

Baba aliishi hadi mfungo wa mwaka uliofuata. Pijo lilinunuliwa na mtu wa Watamu, na mama hakushika tena usukani hata alipobembelezwa. Ilinichukua miaka mingi, nilipokwisha kuwa mke wa mtu na kuwa na watoto wangu, kumuuliza habari za siku ile. Tulikuwa tunachagua mchele, sinia katikati yetu, na nilimwambia kwamba kwa muda mrefu niliiona kama zawadi, kwamba baba alikuwa ametimiza ahadi na yeye mama ndiye aliyeharibu kwa haraka zake za hospitali.

Hakukasirika. Aliendelea kutoa mawe, akiyatupa ukumbini.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilimwona amesimama pale kwenye buti, nikajua simo katika anayoyaona. Wala wewe humo. Wala nyumba yetu."

Akatupa jiwe jingine.

"Siku ya maziko watu walijaa, wakanipa pole, wakanihesabia eda yangu tangu siku ile. Sikuwaambia kitu. Lakini mume wangu mimi alinitoka kule uwanja wa ndege, mwanangu. Nikarudi naye nyumbani, nikamwogesha na kumlisha mwaka mzima, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunipa pole."